Kitu Kimoja Karantini

Kila asubuhi ninapowasha kompyuta ya dukani, dirisha dogo hutokea chini pembeni mwa kioo na kuniambia kwamba mashine iko salama. Hiyo ni kazi ya antivairasi, nami nailipia ili inifanyie hivyo. Lakini kwa miezi miwili baada ya kaka yangu kufariki, dirisha lile liliongeza sentensi ya pili: kitu kimoja kiko karantini. Lilitoka saa mbili asubuhi ninapofungua, na likatoka tena kila umeme ulipokatika na kurudi. Halikusema ni kitu gani. Mimi nilijua, nikawa nalifunga haraka kabla sijalisoma mpaka mwisho.

Duka langu liko Mkomaindo, karibu na njia wanayopita watu wanaokwenda hospitalini. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, na watu wananiita Mama Kopi, hata mchungaji. Jina la kaka yangu sitalitaja humu. Nyumbani kwetu Kitangari jina la marehemu halitamkwi mpaka lirithiwe na mtoto wa ukoo, na ingawa la kaka limeshapata mwenyewe, ulimi wangu umezoea kulizunguka. Nikishaliacha lake, sioni haja ya kutaja la mtu mwingine.

Kwanza nieleze kwa nini niliiamini sana ile mashine, maana nisipoeleza nitaonekana mjinga kuliko nilivyo. Miaka michache nyuma mteja mmoja aliniachia kirusi kwa flashi yake. Mafaili yangu yote yakageuka majina matupu, ukibofya hapafunguki kitu. Mitihani ya shule nzima ilikuwa mle ndani, na walimu walikuwa wanakuja kuichukua Jumatatu. Nilikaa nikaichapa upya yote, mgongo ukaniuma mpaka nikawa nachapa nimepiga magoti. Baada ya hapo nikanunua antivairasi ya kweli, na ukutani nikabandika karatasi ya herufi kubwa: FLASHI ZOTE ZINACHUNGUZWA KWANZA. USINUNE. Watu walinuna sana. Mimi nikawachungulia juu ya miwani nikaendelea na kazi, na sifa zikaenea mjini kwamba kwa Mama Kopi kirusi hakipiti. Nilizipenda sifa hizo, siwezi kudanganya.

Kaka yangu alinizidi miaka mitatu. Alikuwa fundi kule Newala, wa redio, simu na kompyuta, kwenye kibanda chenye nyaya nyingi kuliko nafasi ya kukaa. Hakusoma zaidi ya kidato cha nne. Kutengeneza programu alijifundisha mwenyewe, kwa kurasa alizopakua kwenye simu usiku bando linapokuwa rahisi, na alipoelewa jambo alinipigia kunieleza, nami nikawa naitikia huku nahesabu karatasi. Kwa miaka miwili, kila Jumapili baada ya ibada, alipanda pikipiki kwenda Kitangari kwa mama yetu akiwa na kipaza sauti kidogo alichokivika soksi ya mtoto ili upepo usivume ndani. Alikuwa anamrekodi mama. Mama anatamka neno la Chimakonde, kisha anatunga sentensi yenye neno hilo, kisha kaka anaisema sentensi hiyo kwa Kiswahili. Yote hayo akayaingiza kwenye programu moja: unabofya neno, unamsikia mama.

Programu hiyo aliitoa huria. Maana yake, kama alivyonieleza mara nyingi, ni kwamba mtu yeyote anaweza kuichukua bure, akafungua ndani akasoma ilivyoandikwa, akaitengeneza, akawapa wengine. Maandishi yake aliyaweka mtandaoni. Sauti zilikuwa nzito mno kwa mtandao wetu, kwa hiyo alizifunga pamoja na programu ndani ya faili moja la kusakinishia, akawa anaigawa kwa flashi, mkono kwa mkono, kwa walimu wa Newala na Masasi. Mimi ninayekula kwa kuuza kurasa nilimwona hana akili. Nilimwambia hivyo, akacheka.

Siku aliyoniletea mimi alikuwa amekuja kliniki. Kifua kilishaanza kumsumbua na alifikia kwangu. Dukani palikuwa na walimu wawili wanaosubiri mitihani na mama mmoja mwenye kadi ya mtoto.

"Shikamoo kaka," nikamwambia bila kuinuka.

"Marahaba, mdogo wangu. Nimekuletea ile kazi yangu. Imekamilika."

Akachomeka flashi mwenyewe. Haikupita dakika, kwenye kioo likatokea sanduku jekundu. Kiingereza chake hakihitaji kamusi: tishio limepatikana, faili ni la aina ya trojani, limeondolewa na kuwekwa karantini. Trojani, kwa asiyejua, ni kirusi kinachoingia kwa sura ya kitu chema.

"Ni kengele ya uongo," kaka akasema taratibu. "Hizi mashine zinashuku kila zisichokijua. Mimi sina kampuni, sina ile sahihi ya kidijitali ya kulipia, na faili langu limebanwa sana ili liingie humo. Limefananishwa tu. Bonyeza hapo pa kuruhusu."

"Nani kasema ni uongo?"

"Mimi ndiye niliyelitengeneza. Mimi ndiye ninayesema."

"Na mashine inasema vingine."

Walimu waliacha kuongea. Kaka akainama karibu na sikio langu, nami nikasikia kifua chake kinavyokoroma. "Kuna neno moja tu nataka ulisikie," akasema. "Moja tu. Ukishalisikia, ifute yote kama unataka."

Ningeweza kubonyeza. Nilikuwa nimeshika kipanya mkononi. Lakini palikuwa na watu, na ukutani palikuwa na karatasi yangu, na mimi nikiwa mbele ya watu huwa na ulimi mrefu kuliko akili. Nikachomoa flashi nikamrudishia.

"Kirusi chako kirudishe Newala," nikasema.

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, tena kwa sauti. Kaka alifunika flashi na kifuniko chake, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akaniomba maji ya kunywa. Aliyanywa amesimama. Hakuna kati yetu aliyesema kwamba flashi ile ilikuwa tayari tupu.

Habari za namna hiyo Masasi hazikai siku mbili. Walimu waliokuwa na nakala za kaka wakaanza kuulizana, na wawili watatu wakaja kwangu kama mtaalamu. Niliwaambia nimeona kwa macho yangu, jekundu kabisa. Wakafuta. Wa Newala nao wakapigiwa, wakafuta. Jumamosi kaka akanipigia simu.

"Umewaambia walimu?"

"Nimewaambia nilichokiona."

Nikasikia anapumua. "Haya, mdogo wangu," akasema, na akakata.

Baada ya wiki mbili alilazwa. Nilimpelekea uji kila asubuhi na kila jioni, nikamkanda miguu, nikamsimulia ya mtaani. Jambo la faili hatukuligusa. Nilikuwa nasubiri apone ndipo niombe radhi vizuri, kwa utani kidogo, ili isiwe nzito. Siku aliyofariki nilikuwa dukani namtolea mtu kopi za cheti, na mashine ilikuwa inakwamisha karatasi, nikaipigia kelele. Ndipo mwanamke kutoka wodini akaja mlangoni bila viatu. Nilijua kabla hajafungua mdomo, na bado niliendelea kuvuta ile karatasi iliyokwama mpaka ikatoka.

Tulimzika Kitangari. Niliporudi Mkomaindo nilikuta kandambili zake chini ya kitanda cha wageni, moja imeegemea nyingine. Sikuziondoa. Nilianza kusikia anakohoa. Sisemi kwamba nilimwona, wala sikwenda kwa mganga kuangaliziwa, lakini nikiwa nachapa, mchana kweupe, wateja wamejaa, nilisikia kikohozi chake mlangoni na nikainua kichwa, na hapakuwa na mtu. Kisha umeme unakatika, unarudi, na lile dirisha linatoka pembeni: kitu kimoja kiko karantini. Nilianza kukichukia kioo. Kuna siku nilibandika kipande cha karatasi kwenye ile kona nisiione, na mteja akaniuliza kama kimepasuka.

Arobaini ilipita, wazee wakagawa vitu vyake. Baiskeli, redio, koti la ibada. Laptopu akapewa binamu yetu mmoja, kijana wa haki kabisa, aliyesaidia kumbeba kaka mpaka mwisho. Jina likawekwa akiba kwa mtoto ambaye binti yangu alikuwa amembeba tumboni. Nikaona yamekwisha.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kumtazama mama. Macho yake sasa yanaona mwanga tu, na siku hizi anaishi kwa masikio. Alikuwa barazani anamenya karanga.

"Kaka yako aliniahidi," akasema kwa Chimakonde. "Alisema akimaliza ataniletea kitu kinachoongea. Kina sauti yangu na yake. Nenda kakilete. Nataka nimsikie."

"Kiko kwenye laptopu, mama. Nitakileta."

Nikampigia binamu pale pale.

"Laptopu iko vizuri sana dada," akasema kwa furaha. "Nimeshaipeleka kwa fundi, ameipiga windo mpya, amefuta kila kilichokuwemo. Si wewe mwenyewe ulisema ina kirusi?"

Nikakata simu. Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande ananisikiliza ninavyonyamaza. Nikamwambia nitakileta, ila kina matengenezo kidogo, nikaaga.

Njiani, nyuma ya pikipiki, nilianza kulikumbuka jambo ambalo huwa silikumbuki. Siku hizi Kitangari kuna mabomba, yakitoka yanatoka. Tulipokuwa watoto maji yalikuwa chini bondeni, na kupanda nayo ilikuwa kazi ya nusu siku. Kaka alibeba debe, mimi nilibeba kindoo changu. Siku moja ya kiangazi, mama akiwa shambani, nilipanda juu ya kinu kuchota maji ya kunywa, nikateleza, nikalivuta debe zima. Mchanga uliyanywa yote nikiwa nayatazama. Nilikuwa na miaka sita, na bibi yetu alikuwa ndani mgonjwa anasubiri kuogeshwa. Nikajificha nyuma ya jiko. Mama alirudi akauliza nani, na kaka, ambaye hata hakuwepo maji yalipomwagika, akasema ni yeye. Alichapwa fimbo ya mkorosho kisha akarudishwa bondeni peke yake. Nilimwona anavyokuja jioni, debe kichwani, miguu inatetemeka. Hakuniambia neno, wala mimi sikumwambia mtu. Tulizeeka na jambo hilo, na niliamini limekufa.

Kesho yake sikuufungua mlango wa duka. Niliingia, nikajifungia, nikaliita lile dirisha badala ya kulifukuza. Nikabofya mpaka ndani. Faili la kaka lilikuwa pale, limeandikwa jina lake, na mbele yake tarehe ile ya kicheko changu. Kumbe karantini si kufutwa, mashine ilikuwa imelifungia tu, likiwa zima. Mimi niliyewafanya watu wote wafute nakala zao nilikuwa nimeketi juu ya nakala ya mwisho. Nilitaka kucheka, nikalia. Halafu nikasoma mstari wa chini: vitu vilivyo karantini hufutwa vyenyewe baada ya siku tisini. Nikachukua kalenda ya ukutani nikahesabu kwa kidole mara tatu. Zilibaki siku kumi na tatu.

Nilimwita mmoja wa wale walimu wawili waliocheka siku ile, kwa kuwa ndiye anayefundisha kompyuta shuleni kwake. Aliposikia habari ya laptopu alikaa kwenye kiti cha wateja akashika kichwa. Naye alikuwa amefuta nakala yake, kwa neno langu. Alifungua yale maandishi ya kaka mtandaoni akayasoma muda mrefu.

"Hapa sioni ubaya wowote," akasema. "Kazi safi. Watu wengi wanaotengeneza programu huria wanakutwa na haya. Antivairasi ikikutana na faili ambalo hakuna mtu anayelijua, halina sahihi, linajifungua lenyewe na kuandika vitu kwenye mashine, inaona heri ilikamate kuliko iliache. Haina ushahidi, ina wasiwasi tu."

"Kwa hiyo niruhusu?"

"Siwezi kukuapia, Mama Kopi. Nilichosoma ni maandishi ya mtandaoni. Kilichofungwa humo ndani sijakiona. Tulitume kwa kampuni yenyewe walichunguze. Wakikosea huwa wanakubali."

Tukalituma kutoka karantini humo humo. Upakiaji ulikatika mara nne, mara ya tano ukafika. Nikaandika na maelezo kwa Kiingereza changu cha barua za kazi: mtengenezaji ni kaka yangu, amefariki, hili ndilo lililobaki, tafadhali. Kisha nikaanza kungoja.

Sijawahi kungoja kitu hivyo. Nilifungua barua pepe kila nilipomaliza mteja, na hakuna siku niliyokuta jibu. Siku ya saba nikaanza kumsikia anakohoa hata nikiwa sokoni. Siku ya tisa mama akanipigia kwa simu ya jirani, akauliza tu, "Matengenezo yameishia wapi?" Siku ya kumi umeme ulikatika asubuhi, na mpaka jioni ulikuwa haujarudi, nikakaa mbele ya kioo cheusi nikiona uso wangu. Niliogopa kwamba ukirudi nitakuta sentensi moja tu, ile ya kusema mashine iko salama.

Ulirudi kesho yake. Kitu kimoja bado kilikuwa karantini. Jibu la kampuni halikuwepo.

Nikaona wazi jambo nililokuwa nalikimbia. Nilikuwa nangoja watu wasionijua, walioko nisikokujua, waniambie kama kaka yangu ni mkweli. Yeye alishaniambia, akiwa hai, ameinama sikioni kwangu. Ikiwa nitaruhusu baada ya kampuni kukubali, nitakuwa nimeiamini kampuni, naye atabaki pale pale nilipomwacha, amesimama anakunywa maji.

Nilinakili mafaili ya wateja kwenye diski ya pembeni, nikaichomoa. Nikachomoa na modemu. Sijawa mtakatifu kiasi cha kuacha kuwa makini. Ilikuwa saa saba mchana, watu wamekwenda kula. Nikabofya ruhusu.

Faili likatoka. Nikalibofya, na onyo jingine likaja, hili la kompyuta yenyewe: mchapishaji hajulikani, una uhakika unataka kuendelea? Hapo nilipandwa na hasira. Hajulikani na nani? Ukishuka Newala ukataja fundi mwenye kipaza sauti chenye soksi, hata wauza mihogo watakuonyesha kibanda chake. Nilibofya ndiyo kwa nguvu mpaka kidole kikauma.

Hapakulipuka kitu. Dirisha likafunguka, jeupe, lina orodha ya maneno kushoto. Nikabofya la kwanza, na sauti ya mama ikajaa duka langu.

Kaka hakuwa ameniambia ni neno gani, kwa hiyo nilianza juu nikashuka. Nilisikia kuku wa nyumbani, mlango wa jikoni unavyolia, maganda ya karanga yakidondoka kwenye ungo. Na katikati ya yote nilisikia kikohozi. Alikuwa hajayarekodi maneno kwa kufuata orodha, ndiyo maana kikohozi kilikuja na kuondoka: neno moja kifua kibaya, linalofuata kizima kabisa, anacheka, kisha kibaya tena. Alikuwa anaumwa na kupona, anaumwa na kupona, kila nilipobofya. Nilitaka kuacha nikashindwa.

Nikafika kwenye medi. Ni maji.

Mama alilitamka, kisha akatunga sentensi yake, na kaka akaisema kwa Kiswahili, polepole, kama anavyosomea watoto: "Maji yale aliyamwaga mdogo, lakini mkubwa ndiye aliyekubali fimbo."

Kwenye maneno mengine sauti ilikatika hapo. Kwenye hili hakuikata. Mama aliendelea kwa Chimakonde, anaongea tu na mwanawe, huku karanga zinadondoka.

"Nilijua siku ile ile. Yule mdogo alikuwa amelowa mpaka magotini."

"Sasa mbona ulinichapa mimi?"

"Kwa sababu ulisema ni wewe. Nikasema ngoja nione kama atatoka kule nyuma ya jiko aseme. Nilichapa taratibu nikimngoja. Namngoja mpaka leo."

Kaka akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Kilipotulia akasema, "Mwache mama. Alikuwa mdogo. Atasema."

Ndilo neno alilotaka nilisikie. Alikuja nalo na kifua chake kibovu mpaka Mkomaindo, ili nilisikie peke yangu, nipate nafasi ya kwenda kumwambia mama kabla hajazeeka zaidi. Hakutaka kunisuta, ningekuwa namsingizia tena nikisema hivyo. Na mimi nilimkamata mlangoni, mbele za watu, nikamwita mwizi kwa lugha nyingine. Nililia mpaka mteja aliyerudi kutoka kula akasimama nje, akachungulia, akaondoka kimya.

Jibu la kampuni lilikuja siku mbili baadaye. Mistari mitatu: faili limechunguzwa, ni salama, lilikamatwa kimakosa, tunaomba radhi kwa usumbufu. Nililisoma mara nyingi. Kampuni ambayo haikumjua ilimwomba radhi kabla yangu.

Mjukuu wangu alizaliwa mwezi ule ule, wa kiume. Siku ya kumpa jina tulikusanyika Kitangari, ndugu wote, binamu na laptopu yake, na yule mwalimu alikuja. Nilikuwa nimebeba laptopu ya kuazima na spika. Mama aliketi kwenye mkeka, mtoto mapajani. Kabla jina halijatamkwa niliomba kusema, na wazee wakashangaa kidogo, maana huo si utaratibu.

Nilisema programu ya marehemu haina kirusi na haijawahi kuwa nacho. Nilisema mimi ndiye niliyeeneza maneno yale, kwa kiburi, na kwa sababu yangu nakala zilifutwa na laptopu ikapigwa windo, na binamu hana kosa. Nilisema nakala moja imepatikana, na kila anayetaka nitampa bure mpaka nife. Watu walinung'unika kwa upole, mmoja akasema yamekwisha. Walidhani nimemaliza.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande, sikio kwangu, mkono umetulia juu ya mgongo wa mtoto. Nilijua anavyongoja. Nimekwishasikia alivyongoja.

"Na yale maji, mama," nikasema, na sauti yangu ikawa ndogo kupita umri wangu. "Yale ya debe. Ni mimi niliyeyamwaga."

Hapakuwa na mtu aliyeelewa isipokuwa yeye. Kisha akamwinua mtoto mpaka usoni kwake, akamwita kwa jina la kaka yangu, waziwazi, mara ya kwanza tangu tumzike.

"Umesikia?" akamwambia. "Amesema."